Fundi cherehani wa Roret aliyeiacha chai ya mumewe

Mvua imekatika sasa hivi katika soko la Roret, na maji bado yanadondoka kutoka kwenye ukingo wa mabati ya kibanda cha Janeffer Chepkemboi. Yeye hana habari nayo. Ameinamia cherehani, miguu inakanyaga, mikono inasukuma kitambaa cha kijani, na sindano inakimbia bila kusimama mpaka pindo linaisha.

"Ni gauni la kwaya," anasema bila kuinua uso. "Mwenyewe ni mnene kama mimi. Alikuja akaniambia, Mama Kibet, nishonee lakini lisinibane kifuani, mimi ni mtu wa sauti ya kwanza. Nikamwambia, umefika kwa mwenyewe."

Anakata uzi, ananyoosha mgongo, kisha anafunua kikombe kilichofunikwa kwa kisahani. Ndani mna kahawa nyeusi. Haina maziwa wala sukari. Anapiga mafunda mawili, anakunja uso, halafu anacheka.

"Chungu! Mpaka leo sijaizoea. Lakini nainywa."

Nyuma ya kibanda chake, hatua chache tu baada ya ua wa soko, mashamba ya chai yanaanza na kuteremka hadi mtoni, yakapanda tena upande wa pili. Hapa mgeni hukaribishwa kwa chai, mahari hujadiliwa kwa chai, na aliyefiwa hupewa chai kabla hajapewa pole. Ndiyo maana kikombe cha Janeffer kimezua maneno.

"Wateja wananiuliza, kwani chai imewakosea nini nyumbani kwenu? Mzee mmoja wa kanisa letu aliniambia nimesaliti Bureti nzima, nchi ya chai," anasema. "Sijali. Mtu pekee ambaye ningejali akikasirika, alishakasirika, na tukaelewana."

Mtu huyo ni mumewe, Weldon Kipngetich.

Janeffer ana umri wa miaka arobaini na minne. Ameshona katika soko hili kwa zaidi ya miaka ishirini: sare za shule, magauni ya harusi, makoti ya wazee wa kanisa. Ni kazi ya kuketi. Anaketi asubuhi, anakula ameketi, na jua linatua akiwa ameketi. Mwaka jana mizani ilipomwambia ana kilo mia moja na sita, hakushtuka. Kwao wanawake ni wanene, na hakuna aliyewahi kuona hilo kuwa tatizo.

Kilichokuwa kikimsumbua ni jambo jingine.

Mama yake mzazi alianguka kwenye majani ya chai, kikapu kikiwa bado mgongoni. Walipomwinua, upande mmoja wa mwili ulikuwa umelala na mdomo haukutoa neno. Kiharusi. Janeffer ndiye aliyemuuguza hadi mwisho, akimlisha uji kwa kijiko na kujifunza kusoma macho yake.

"Mama alikuwa mwimbaji," anasema. Anaanza kukunja gauni la kijani ambalo tayari limekunjwa. "Alikuwa na mwili kama huu wangu. Mikono hii hii. Nikiangalia vidole vyangu vikishika sindano, najiuliza, hivi navyo vitakuja vilale siku moja? Fundi asiye na mikono ni nani?"

Swali hilo hakumwambia mtu. Alikaa nalo.

Aliyelitoa, bila kujua, ni jirani yake wa kibanda, Eucabeth Ooko. Eucabeth anauza nguo za mitumba. Alikuja huku kutoka upande wa ziwani akimfuata mume aliyepata kazi katika kiwanda cha chai, na sasa anasema Kikipsigis cha kununulia na kuuzia bila kigugumizi. Jumapili moja alisikia tangazo kanisani: watafiti wa chuo kikuu walikuwa wamefungua kliniki ya muda katika ukumbi mmoja mjini Litein, wakitafuta watu wenye miili mikubwa ambao hawana kisukari wala ugonjwa wa moyo. Walitaka kujua kahawa inaifanyia nini mishipa ya damu ya watu kama hao.

"Nilikimbia kwa Janeffer," Eucabeth anasimulia, akicheka mpaka mabega yanatikisika. "Nikamwambia, dada, Mungu ni mwema! Maisha yangu yote sijawahi kusikia mahali wanatafuta wanene. Leo wembamba ndio wanarudishwa mlangoni!"

Walienda pamoja, wamevaa vizuri kama wanaokwenda sherehe.

Katika ukumbi huo walipokewa na Phelix Otiende, muuguzi kijana mpole anayefanya kazi na watafiti. Alimlaza Janeffer kitandani, akamfunga mkanda wa kupimia presha chini ya kiwiko, na kumpaka mafuta baridi juu ya mkono. Kisha akaweka pale kifaa cha mashine ya picha.

"Nikaijua," Janeffer anasema. "Ni ile ile waliyonipima nayo nikiwa na mimba ya Kibet. Nikamuuliza, kwani mkono wangu una mtoto?"

Otiende alicheka, kisha akamweleza. Mshipa wa damu si bomba la plastiki, una uhai. Damu ikiujia kwa wingi, mshipa wenye afya hutanuka ili kuipisha. Mkanda ungebana mkono kwa dakika chache na kuzuia damu, halafu ungeachiliwa ghafla. Kwenye picha wangeona mshipa unavyoitikia damu inaporudi.

Mkanda ulibana. Mkono ukafa ganzi. Ulipoachiliwa, Janeffer aliona kwenye kioo mstari mweusi katikati ya mistari miwili myeupe. Akausubiri utanuke. Ulisogea kidogo tu, kama mtu mvivu anayempisha mwenzake kwenye benchi.

"Nimeshona lastiki nyingi maishani," anasema. "Sketi ikija kurekebishwa, unavuta kiunoni unaona lastiki imechoka. Haikatiki, lakini hairudi. Nilipouona ule mshipa nikajua ninachoangalia. Nikamkumbuka mama."

Masharti ya utafiti yalikuwa mepesi kuyasema. Kila asubuhi, kwa karibu miezi mitatu, angekunywa pakiti moja ya unga aliopewa, kwa maji moto, bila sukari wala maziwa. Wengine walipewa kahawa yenyewe, wengine unga uliotengenezwa ufanane nayo kwa rangi na ladha. Hakuna aliyejua amepewa upi, hata Otiende. Na katika muda wote huo, asinywe chai. Chai nayo ina vitu vinavyogusa mishipa, ingevuruga vipimo.

Eucabeth alisaini papo hapo. Janeffer aliishika kalamu, akakawia.

Ili kuelewa kwa nini alikawia, ni lazima mtu arudi nyuma hadi mwaka wa kwanza wa ndoa yao.

Mtoto wao wa kwanza alikuwa msichana. Hakumaliza mwezi. Baada ya kumzika, Janeffer aliugeukia ukuta. Wanawake wa boma walimletea uji, wakamletea mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu, wakambembeleza kwa zamu. Hakula. Mama mkwe wake alianza kunong'ona kwamba watazika wawili.

Weldon wakati huo alikuwa kijana wa ng'ombe mmoja na mistari michache ya chai aliyokatiwa na baba yake. Hakuwa amewahi kusimama mbele ya jiko. Kwao mwanamume kuingia jikoni lilikuwa jambo la kuchekwa. Asubuhi moja alikamua yule ng'ombe, akabandika maziwa matupu bila tone la maji, akatupa majani ya chai ndani, akaweka sukari bila kupima. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akamshikia mkewe kikombe.

"Ilikuwa tamu mpaka meno yakauma," Janeffer anakumbuka. "Kwa ukweli ilikuwa mbaya. Majani hayakuchujwa, yalikuwa yananikwama kooni. Lakini alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Nikanywa yote."

Kesho yake alimpikia tena. Hajaacha tangu hapo. Kibet alizaliwa, akakua, akaenda chuo cha ufundi. Ng'ombe waliongezeka, chai ikazaa, nyumba ya udongo ikawa ya mawe. Kila asubuhi, baada ya kukamua na kabla ya kupeleka mitungi ya maziwa barabarani, Weldon alimwekea mkewe mezani kikombe kikubwa cha chai ya maziwa matupu, vijiko vinne vya sukari.

Weldon si mtu wa maneno mengi. Mwandishi alipomuuliza kama amewahi kumwambia mkewe kuwa anampenda, aliangalia ng'ombe wake kwanza. "Si nampikia?" alijibu.

Basi Janeffer alisaini, lakini nyumbani hakusema kitu.

"Ningemwambia aje? Ningesema, Baba Kibet, sitaki tena chai yako? Angesikia nimemchoka yeye."

Akachagua njia ya mkato. Kahawa alikuwa akiichemshia kibandani. Na kila asubuhi Weldon alipotoka na mitungi yake, yeye alizunguka nyuma ya jikoni na kuimwaga chai ile kwenye shina la mgomba, kisha akaosha kikombe na kukirudisha mezani. Jioni mumewe akiuliza chai ilikuwaje, alijibu, "Nzuri kama kawaida."

"Kila nikimwaga nilikuwa namwambia Mungu pole," anasema. "Sijui kwa nini nilimwambia Mungu, badala ya mwenyewe."

Sisimizi ndio waliomsaliti.

Weldon aliwaona kwa mara ya kwanza wakati anakata migomba iliyozeeka ili awapelekee ng'ombe. Walikuwa wametoka ukutani kwa mstari mmoja mnene, wakivuka ua hadi kwenye mgomba wa nyuma ya jikoni, na pale shinani walikuwa wamejaa hadi udongo ukawa kama unatembea. Aliinama, akachukua udongo kidogo, akaunusa.

"Mtu wa ng'ombe anajua harufu ya maziwa hata yakiwa yamelala kwenye udongo," anasema. "Na majani ya chai yalikuwa hapo hapo. Nikajua ni kikombe changu."

Hakuuliza siku hiyo. Aliingia zizini akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwa majuma kadhaa alikuwa ameona nguo za mkewe zikianza kumlegea. Shangazi yake alikuwa amemshika mkono nje ya kanisa na kumuuliza mbele za watu, "Weldon, mbona bibi yako anapungua? Siku hizi humlishi?" Katika kijiji chao mwanamke akipungua, watu huuliza mambo mawili tu: ni ugonjwa, au ni mume?

"Nilifikiria yote mawili," anasema. "Nilifikiria ni mgonjwa na ananificha. Halafu nikafikiria amenichoka. Kusema kweli, la pili lilinitisha zaidi. Ugonjwa, tungeuza ng'ombe tukautibu."

Asubuhi iliyofuata Janeffer alifika mezani akakuta kikombe kimefunikwa kifudifudi. Weldon alikuwa ameketi upande wa pili, kofia mkononi.

"Nimeona migomba yako inakunywa sukari," alimwambia.

Janeffer aliketi. Kisha akamweleza yote: Eucabeth, ukumbi wa Litein, mkanda, mashine, mshipa ulioshindwa kutanuka. Akamwambia na lile la mama yake na vidole, ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Weldon alisikiliza mpaka mwisho. Alipouliza, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kwa hivyo ile chai yangu ndiyo ilikuwa inakuua?"

Janeffer anasema lile swali lilimkata kuliko kama angemfokea. Kabla hajafungua mdomo, mumewe alikuwa ameshavaa kofia na kutoka.

Siku hiyo alifika sokoni macho yamevimba. Alishona suruali ya mwanafunzi akaunga mguu mmoja nje ndani. Eucabeth alivumilia kumwangalia kwa muda, kisha akaacha mitumba yake na kuja kusimama mbele ya cherehani.

"Umemficha mwanamume kikombe?" alimuuliza alipoambiwa. "Wewe! Si ungeficha kitu cha maana basi, kama mbuzi? Hebu nisikilize. Ukimwambia kwa mdomo, anasikia umemkataa. Mchukue umpeleke. Aende akaone na macho yake."

Eucabeth mwenyewe wakati huo alikuwa ameshajitoa. "Mimi wiki ya kwanza tu ilinishinda," anakiri bila haya. "Nilikuwa naota chai. Nikamrudishia Otiende pakiti zake nikamwambia, mwanangu, tafuta mwingine."

Ikachukua siku kadhaa za unyenyekevu. Janeffer alipomwomba mumewe mara ya kwanza, Weldon alikohoa tu. Mara ya pili akasema ng'ombe ana homa. Mara ya tatu hakujibu, lakini asubuhi ya kwenda Litein ilipofika, alikuwa amesimama mlangoni amevaa koti la kanisani, viatu vimepigwa rangi.

Ukumbini aliketi kwenye benchi, magoti pamoja, kofia juu ya magoti. Otiende alipomwita Janeffer nyuma ya pazia, alimwona mzee yule jinsi alivyoinuka nusu na kuketi tena.

"Mzee wangu, karibu na wewe," alimwambia. "Njoo uone."

Weldon alisimama karibu na kichwa cha kitanda. Aliona mkanda ukijaa hewa. Aliona mkono wa mkewe ukibadilika rangi, vidole vikipauka, na mkewe akiuma mdomo.

"Kijana, unamuumiza," alisema.

"Kidogo tu, mzee. Ngoja."

"Nimesema unamuumiza."

"Baba Kibet," Janeffer alimwambia, "nishike huu mkono mwingine."

Akaushika. Wakangoja hivyo, watatu, mashine ikivuma. Kisha Otiende akaachilia hewa.

Kwenye kioo ule mstari mweusi ulitulia kwa muda mfupi, kana kwamba unasikiliza. Halafu ukaanza kupanuka. Haukuwa na haraka. Mistari myeupe iliachana taratibu, na katikati yake weusi ukaongezeka. Otiende akaweka kando yake picha ya siku ya kwanza, ili Weldon aone tofauti. Haikuwa tofauti kubwa. Lakini hata mtu wa ng'ombe aliiona.

"Huu ndio unaenda moyoni?" Weldon aliuliza.

"Huu ni wa mkononi. Lakini ni ndugu yake yule wa moyoni, na yule wa kichwani. Ukiona mmoja ana nafuu, unapata tumaini juu ya wengine."

Weldon alinyoosha kidole na kugusa kioo pale mstari ulipokuwa. Otiende hakumzuia. Ndipo mzee akauliza lile lililomleta.

"Chai yangu. Niambie ukweli. Nilikuwa namuua?"

Otiende anasema ameulizwa maswali mengi katika kazi hiyo, lakini hilo lilimfanya avute kiti na kuketi.

"Mzee, hakuna kikombe kilichomuua mtu hapa. Sukari nyingi kila siku, na maziwa ya mafuta mengi, na kazi ya kuketi kutwa, vyote kwa miaka, ndivyo vinaongeza uzito, na uzito unachosha mishipa. Lakini chai si adui, wala wewe si adui. Na hata hii kahawa si dawa. Bado hatujui kama ndiyo imeleta nafuu hii, au ni ile sukari aliyoacha. Sijui hata kama yeye amepewa kahawa ya kweli. Ndiyo maana tunapima."

Weldon alitafakari. Kisha akauliza jambo ambalo Otiende hakulielewa mara moja.

"Maji yake yanatakiwa yawe moto kiasi gani?"

"Maji gani, mzee?"

"Ya hiyo kahawa. Nani huwa anampikia?"

"Anajipikia mwenyewe, kibandani."

"Basi sasa atapikiwa," Weldon alisema, akavaa kofia yake.

Janeffer anasema alikuwa bado amelala pale, mafuta baridi yakimkauka mkononi, na alilia mpaka Otiende akaanza kutafuta vitambaa.

Kuanzia kesho yake kikombe kilirudi mezani kikiwa kimesimama wima. Haikuwa rahisi kwa mpishi. Siku ya kwanza Janeffer alionja, akamwangalia mumewe, akaonja tena.

"Baba Kibet. Hii ina sukari."

"Kijiko kiliteleza," Weldon alijibu, akiangalia dirishani.

Pakiti ile ikawa imeharibika, na Janeffer alilazimika kumpigia Otiende simu kueleza. Otiende aliomba azungumze na mzee. Yaliyosemwa hayajulikani, lakini kijiko hakikuteleza tena.

Utafiti ulipofikia mwisho upande wake, Janeffer alikuwa amepungua kilo tisa. Mshipa wake ulitanuka vizuri zaidi kuliko ulivyotanuka siku aliyofika, ingawa Otiende alimwambia wazi kuwa bado haujafika pale ambapo wangependa. Presha ilikuwa bado juu kidogo, na sasa anahudhuria kliniki ya karibu ili iangaliwe. Majibu ya utafiti wenyewe bado. Washiriki wote wakishapimwa ndipo itajulikana nani alikunywa kahawa na nani alikunywa mfano wake.

Je, itamuumiza akiambiwa kwamba miezi yote ile alikunja uso kwa ajili ya unga mtupu?

"Nitacheka," anasema. "Kwani nimepoteza nini? Nilipata kumwambia mume wangu kitu nilichomficha tangu mama afe."

Baada ya pakiti kwisha, Weldon alifunga safari hadi Kipkelion kwa binamu yake anayelima kahawa, akarudi na mfuko wa buni. Alizikaanga mwenyewe kwenye sufuria kuukuu. Moshi ulitoka jikoni hadi majirani wakaja na ndoo za maji wakidhani nyumba inaungua. Siku hizi ameshapata mkono. Asubuhi anasaga, anachemsha, anachuja, na yeye mwenyewe hunywa nusu kikombe kwa heshima ya mkewe. Kisha wawili hao hutembea kwa miguu hadi sokoni, mume akisukuma baiskeli yenye mitungi ya maziwa, Janeffer akisimama mara kwa mara kwenye mlima kuvuta pumzi. Weldon hamharakishi. Husimama naye, akajifanya anakaza mnyororo.

Shangazi wa kanisani alimuuliza tena juu ya mkewe kupungua. "Nikamwambia, shangazi, huyu simlishi, ninamtunza," Weldon anasema.

Mchana unapoelekea jioni, Janeffer anafunika cherehani na kumwongoza mwandishi nyumbani ili akaone jambo ambalo, anasema, limewagombanisha wanaume wa ukoo mzima. Ni mwendo wa kuteremka, njia inapita kati ya chai iliyochumwa asubuhi. Chini kabisa, karibu na kijito, Weldon anachimba. Ameng'oa safu mbili za michai iliyopandwa na marehemu baba yake. Mahali pake amechimba mashimo, ameyajaza samadi ya ng'ombe, na katika mengi yake tayari kuna miche midogo ya kahawa yenye majani yanayong'aa.

Kaka yake mkubwa alikuja akasimama juu ya shamba na kumuuliza kama amerukwa na akili, kung'oa chai ya baba. Weldon alimjibu kwamba baba alipanda kwa ajili ya mke wake, naye anapanda kwa ajili ya wa kwake.

Janeffer anainama, kwa shida kidogo, na kuushindilia udongo kuzunguka mche mmoja. Anasema ana mpango wa kununua cherehani ya umeme atakayoiweka juu ya meza ndefu, ili awe anakata vitambaa akiwa amesimama, na siku moja amfundishe Eucabeth kushona, maana mitumba haina mwendo tena. Anasema anataka kuzeeka akiwa na vidole vyake, na sauti yake. Mengine Mungu atajaza.

Mwandishi anamuuliza Weldon kama anafahamu kwamba kahawa huchukua miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa.

Weldon anachomeka jembe ardhini na kupangusa jasho.

"Najua," anasema. "Huyu namfahamu. Akianza kitu haachi kabla hajaona mwisho wake. Nimempandia cha kusubiri."

Janeffer, bado ameinama, mikono imejaa udongo, anaitazama miche ile mmoja baada ya mwingine.

"Miaka mitatu ni midogo," anasema. "Mwambie atafute na makadamia. Hiyo nasikia inachukua saba."